Nanga isiyo na kamba: Mashine iliyojihakikishia namba majini

HANETI, Dodoma. Ukitaka kubishana kuhusu Simba na Yanga, Haneti hutakosa mtu wa kukukesha. Ukitaka kubishana kuhusu uvuvi wa mashindano, hapo kazi ipo. Kata hii ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, haina ziwa. Ni nchi ya mtama, uwele, alizeti, mibuyu na ng'ombe. Nje ya mkoa inajulikana zaidi kwa mawe yake ya kijani, krisopresi, pamoja na utafiti wa madini ya nikeli.

Lakini samaki wanaliwa Dodoma, tena wengi. Wapo wa Bwawa la Hombolo, wapo wa Mtera kule mpakani na Iringa, na wapo wanaotoka mbali zaidi wakiwa wamekaushwa. Na nyuma ya kila perege aliyelala kwenye meza ya sokoni kuna mtu aliyekuwa kwenye mtumbwi akigombana na kitu kimoja ambacho mlaji hakioni: upepo.

Kanda ya Kati ina upepo, hilo halihitaji mjadala. Mvuvi anafika mahali anapojua samaki wapo, anashusha ndoano, anainua kichwa, kumbe chombo kimeshasogea mita ishirini. Anashika kasia, anarudi. Akiliweka chini tu, safari inaanza upya. Mkono mmoja unavua, mwingine unapiga kasia. Kwa lugha ya mpira, unacheza mechi huku kila baada ya dakika mbili mtu anakusukuma nje ya uwanja.

Tatizo hilo, ambalo ni la zamani kama uvuvi wenyewe, sasa lina dawa. Ni mota ndogo ya umeme inayofungwa mbele ya boti na kuongozwa na setilaiti za GPS. Unabonyeza kitufe kimoja na boti inabaki pale pale, upepo uvume unavyotaka. Marekani mashine hii imebadilisha mchezo mzima wa uvuvi wa mashindano, na imeibua ugomvi ambao mashabiki wa soka wanaujua vizuri: teknolojia iishie wapi na kipaji kianzie wapi?

Mechi ya kushika nafasi

Watu wengi wakisikia injini ya boti wanafikiria spidi. Hii ni tofauti. Ni kama kiungo mkabaji, yule namba sita ambaye kazi yake haionekani kwenye ubao wa magoli. Sergio Busquets hakuwa na mbio, lakini Barcelona ilizunguka kwenye miguu yake. Khalid Aucho alipokuwa Yanga, mashabiki walijua umuhimu wake siku asipokuwepo, pale katikati palipoanza kuvuja. Mota hii nayo ndivyo ilivyo. Thamani yake ni kukaa kwenye nafasi ili wengine wafanye kazi.

Kwa nini isitumike nanga ya kawaida? Inatumika, na itaendelea kutumika. Ila nanga ina mambo yake. Ikitua inapiga kishindo, na kwenye maji mafupi samaki wanatawanyika. Kila ukitaka kuhama mita kumi, lazima uivute na kuishusha upya. Mahali kama Mtera, ambako bwawa lilifunika miti na visiki vyake bado vipo, nanga ikinasa unaweza kuiacha huko huko pamoja na kamba yake.

Mota ya umeme haigusi chini kabisa. Ndiyo maana wavuvi wanaiita nanga isiyo na kamba.

Inavyofanya kazi

Ukiitazama haina maajabu. Kuna mhimili mrefu unaozama majini. Chini yake kuna mota yenye pangaboi, na juu kuna kichwa chenye kipokezi cha GPS na dira ya kielektroniki. Betri inakaa ndani ya boti. Mvuvi anakuwa na rimoti mkononi, au kanyagio mguuni.

Setilaiti za GPS zipo zaidi ya 24, zikizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatuma ishara yenye saa sahihi kabisa. Kipokezi kinasoma ishara za setilaiti nne au zaidi kwa wakati mmoja, kinapima zilichukua muda gani kufika, na kutokana na hapo kinajua kilipo.

Ukibonyeza kitufe cha kushikilia, kompyuta ndogo ndani ya mota inakariri ile alama. Kuanzia hapo inajiuliza bila kuchoka: tupo pale pale? Boti ikisogea kidogo kuelekea magharibi, dira inaiambia mota imeelekea wapi, mhimili unajigeuza wenyewe, pangaboi linasukuma kuelekea mashariki. Upepo ukizidi, linasukuma zaidi. Upepo ukitulia, nalo linatulia. Mvuvi hagusi kitu. Mikono yote miwili ipo kwenye mshipi.

Na si kusimama tu. Unaweza kuiagiza iende moja kwa moja upande mmoja, ifuate ukingo wa bwawa, au irudie njia uliyopita jana.

Nguvu yake hupimwa kwa ratili za msukumo. Zile za kawaida ni ratili 55, sawa na kilo 25 hivi, zinazotumia betri moja ya volti 12. Kubwa zaidi zinafika ratili 80 kwa volti 24 na ratili 112 kwa volti 36. Hesabu ya mafundi ni rahisi: kwa kila kilo 100 za uzito wa boti pamoja na watu na mizigo, tafuta angalau kilo mbili za msukumo. Boti ya kilo 1,000 inahitaji kilo 20, hivyo mota ya ratili 55 inatosha.

Kutoka Fargo hadi angani

Mota ya umeme ya boti si ya jana. Mwaka 1934, jamaa mmoja wa Fargo, North Dakota, aliyeitwa O.G. Schmidt, alitengeneza mota ya umeme yenye gia kwa ajili ya wavuvi. Kwa kuwa Fargo ipo mpakani mwa majimbo ya Minnesota na North Dakota, aliyaunganisha majina hayo mawili na kupata Minn Kota, jina ambalo mpaka leo lipo kwenye boti nyingi za uvuvi Marekani.

Kwa miongo mingi mota hiyo iliongozwa kwa mkono au mguu. GPS ilikuwepo angani, lakini jeshi la Marekani lilikuwa linaichafua makusudi ishara inayopokelewa na raia, kiasi kwamba ungeweza kukosea mpaka mita 100. Kwa kosa kama hilo boti ingezunguka bwawa zima ikijitafuta. Mei 2, 2000, uchafuzi huo ulizimwa kwa amri ya Rais Bill Clinton. Ghafla kifaa cha kawaida kikawa kinajua kilipo kwa tofauti ya mita chache.

Mlango ulifunguka hapo. Takriban miaka kumi baadaye Minn Kota walitoa mfumo wao wa kushikilia boti kwa GPS, na wapinzani wakafuata. Garmin, waliojulikana zaidi kwa vifaa vya ramani, waliingia na mota yao mwaka 2019. Hapo ligi ikawa na timu kubwa zaidi ya mbili.

Mkwanja mnono

Mashine hizi zilipata jina kwenye mashindano ya kuvua bass, samaki wa maji baridi ambaye Wamarekani wanamhusudu kupita kiasi. Si mgeni kabisa kwetu. Wakoloni walimpandikiza katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo yupo.

Aliyegeuza uvuvi huo kuwa ligi ni Ray Scott, wakala wa bima kutoka Alabama. Aliandaa mashindano yake ya kwanza Beaver Lake, Arkansas, mwaka 1967, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha B.A.S.S. Mwaka 1971 ikaja fainali kubwa, Bassmaster Classic. Wavuvi 24 walipandishwa ndege bila kujua wanaenda wapi, wakaambiwa wakiwa angani kwamba ni Lake Mead. Bobby Murray alishinda na kuondoka na Dola 10,000.

Leo bingwa wa Classic anachukua Dola 300,000. Kwa makadirio ya Sh2,500 kwa dola, hiyo ni Sh750 milioni. Rick Clunn na Kevin VanDam wamelitwaa taji hilo mara nne kila mmoja, na huko ni majina makubwa kama ya wachezaji wa mpira.

Kanuni ya kupata mshindi ni nyepesi kueleweka: unapimiwa samaki watano bora wa siku, mwenye uzito mkubwa zaidi ndiye mbabe. Lakini ndani yake kuna kanuni moja ya kuchekesha kidogo. Kwa Kiingereza mota hii imepewa jina la uvuvi wa kuburuza, yaani kufunga chambo nyuma ya boti na kutembea nacho. Kwenye mashindano hayo, kuburuza ni marufuku. Mota inaruhusiwa kukuweka mahali, hairuhusiwi kukuvulia. Kurusha mshipi na kumshawishi samaki ni kazi yako.

Msingi wote wa mchezo umekaa hapo. Walioandika kanuni hawakuikataa mashine. Waliigawia namba yake uwanjani.

VAR ya majini

Mambo yalichafuka ilipokuja teknolojia nyingine. Mwaka 2018, wakati Kombe la Dunia Russia likitumia VAR kwa mara ya kwanza, Garmin walitoa sona inayoangalia mbele ya boti na kuonyesha samaki wakiogelea kwenye skrini muda huo huo. Funga sona hiyo kwenye mota inayojishikilia yenyewe, na mvuvi anaweza kusimama juu ya kisiki, amwone samaki mmoja, amrushie chambo puani.

Wapo waliofurahi, hasa vijana waliokulia kwenye michezo ya video. Wapo waliolalamika kwamba uzoefu wa miaka thelathini wa kusoma maji, upepo na rangi ya mawimbi umefanywa hauna maana. Kelele zikafika kwa wenye ligi. Kuanzia msimu wa 2025, Major League Fishing iliwabana wavuvi wa Bass Pro Tour: sona ya namna hiyo itumike kwenye kipindi kimoja tu kati ya vitatu vya siku ya mashindano.

Tazama walipokata. Mota ya GPS iliachwa, macho ya kielektroniki yakapunguzwa. Maana yake wakubwa wa mchezo waliona kushikilia boti ni sawa na kuwa na uwanja mzuri, lakini kuoneshwa samaki alipo ni sawa na kupewa mpango wa mpinzani kabla ya mechi.

Lipo jambo la pili ambalo kanuni haijalitatua, nalo ni pesa. Mota yenye GPS inauzwa kati ya Dola 1,500 na zaidi ya Dola 3,000. Ukijumlisha sona, skrini, betri na boti yenyewe, chombo kamili cha mashindano kinaweza kuvuka Dola 100,000. Mtoto mwenye kipaji na mtumbwi wa kukodi haingii kwenye mechi hiyo. Soka limebaki mchezo wa watu kwa sababu mpira wa makaratasi unatosha kuanzia. Uvuvi wa mashindano unaelekea kusahau hilo.

Turudi Hombolo

Sasa haya yanamhusu nini kijana wa Haneti anayewaza kwenda kutafuta riziki Hombolo au Mtera?

Hombolo ni bwawa la miaka ya 1950, si kubwa sana, na linahitaji utulivu kuliko spidi. Mtera ni jingine kabisa. Ni bwawa kubwa la Mto Ruaha Mkuu, lenye kituo cha umeme cha megawati 80, na upepo ukiamka lina mawimbi ya kutisha. Kote kuwili mvuvi wa ndoano ana tatizo lile lile la mwenzake wa Alabama: kubaki mahali.

Kwa bei ya Dola 1,500, mota ya GPS ni Sh3.75 milioni kabla ya usafiri na ushuru. Kwa mvuvi mmoja mdogo hiyo ni ndoto. Lakini zipo mota za umeme zisizo na GPS, za kuongoza kwa mkono, zinazouzwa chini sana ya hapo, kwa dola mia chache. Hazijishikilii zenyewe, lakini zinapunguza kupiga kasia na hazitumii petroli.

Na hapa Dodoma ina kitu ambacho wavuvi wa Minnesota wangekionea wivu: jua. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 inabeba kama uniti 1.2 za umeme. Paneli moja ya wati 200, ikipata saa tano za jua kali, inazalisha karibu uniti moja. Yaani paneli moja inakaribia kuijaza betri moja kwa siku. Jua hilo hilo linalokausha mtama linaweza kusukuma mtumbwi.

Betri hiyo inadumu muda gani majini? Inategemea mguu wa dereva. Mota ya ratili 55 ikikimbizwa mpaka mwisho inakula ampea 50 hivi, hivyo baada ya saa mbili umekwisha. Ikiendeshwa taratibu kwa ampea 10, inaweza kukaa siku nzima. Betri ya risasi na asidi usiimalize, ishie nusu, la sivyo utaiua mapema. Ya lithiamu inavumilia zaidi na ni nyepesi, kilo 12 hivi dhidi ya karibu 30, ila bei yake imesimama.

Tahadhari ipo. Mota hii si ya kukukimbiza nyumbani dhoruba ikija. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Mtera kuna mamba na viboko, na upepo wa mchana haubembelezwi. Makasia au injini ya kawaida vibaki ndani ya chombo, na jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe.

Jambo lingine la kuweka sawa mapema, kwa sababu mtaani litachanganywa: mota ya umeme haihusiani na uvuvi wa kupiga maji shoti. Kuvua samaki kwa kutumia umeme ni uvuvi haramu, sawa na baruti na sumu. Mota inaendesha pangaboi tu, umeme wake hauingii majini.

Alama isiyosahau

Hatari kubwa ya GPS ipo kwenye sifa yake ile ile: haisahau. Zamani mvuvi alikariri mahali pazuri kwa kuangalia kilima na mti, na siri hiyo ilikuwa ya familia. Wakati mwingine aliikosa, na siku aliyoikosa samaki walipumzika. Mashine haikosi. Ukiweka alama juu ya mazalia ya perege, kesho utasimama pale pale, na keshokutwa, na rafiki uliyemtumia alama kwenye simu naye atasimama pale pale. Bwawa dogo haliwezi kuvumilia hilo muda mrefu.

Tanzania inajua gharama ya maji yaliyochoka. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kipato si mzaha kwa familia inayoishi kwa mwalo. Maji yakitunzwa kabla hayajachoka, uamuzi mgumu kama huo unaweza kuepukika.

Uzuri ni kwamba alama inafanya kazi pande zote. Kifaa kinachomrudisha mvuvi kwenye mazalia kinaweza pia kumwonyesha mpaka wa mazalia. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinaweza kuliwekea alama eneo la kuzaliana, kila mwenye simu akaliona kwenye ramani, na kisingizio cha "sikujua nilipo" kikaisha. Kwa hilo hahitajiki mtu mwenye Sh3.75 milioni. Simu ya kawaida yenye GPS inatosha.

Wamarekani walianza na mashine, kanuni ikafuata baadaye ikihema, na sasa wanabishana kama mshindi ni mvuvi au ni betri. Hombolo na Mtera bado zipo dakika ya kwanza. Mota hizi zitafika, kama bodaboda na simu zilivyofika, na zitaanza na wachache wenye uwezo. Wavuvi wenyewe, kwa kupitia vikundi vyao, wana nafasi ya kukaa sasa na kuamua wapi chombo kinaruhusiwa kusimama na wapi hakiruhusiwi, kabla mtu wa kwanza hajabonyeza kitufe juu ya mazalia.